Rufaa Yako Imesomwa kwa Makini

Kabati lilikuwa limefungwa vizuri, kufuli iko mahali pake, na rafu ya juu ilikuwa tupu kabisa.

Hiyo ndiyo ilimsumbua Inspekta Muhidin Darweshi tangu alipoingia ile ofisi ya mji. Mwizi huacha fujo. Huyu alichukua bunda moja tu la barua, akafunga kabati, akarudisha kufuli, akaenda zake kama mtu anafunga duka lake jioni. Mihuri iko. Taipureta mpya iko. Hata saa ya mezani ya mwenyekiti iko, inapiga tik tik kama hakuna kitu kimetokea.

Ilikuwa Ijumaa, saa mbili na nusu asubuhi, mjini Nakuru, mwezi wa pili mwaka wa 1958. Kiangazi kilikuwa kimekausha ziwa karibu lote, na upepo ukipiga kidogo tu vumbi jeupe la magadi lilipanda mpaka mjini, likaingia kwa chai, kwa nywele, kwa maandazi.

"Kimeibiwa nini hasa?" Darweshi akauliza.

"Rufaa, Afande," karani akajibu. "Rufaa zote za tiketi za magari."

Huyo karani alikuwa anaitwa Dalmas. Mzee wa miaka hamsini na kitu, koti jeusi, tai imenyooka, viatu unaweza kujiona uso. Watu walikuwa wanasema Dalmas anaweza kutembea katikati ya vumbi la ziwa atoke vile alivyoingia.

"Funguo za kabati ziko ngapi?"

"Mbili. Moja yangu. Ya pili ni ya mwenyekiti wa kamati, na yeye alilala Naivasha. Amefika saa hii."

Mwenyekiti alikuwa Mzungu mrefu ambaye mji mzima walimwita Bwana Filimbi, kwa sababu hakuweza kutembea hatua tatu bila kupiga mluzi. Leo hakuwa anapiga mluzi.

"Inspekta," akasema na kile Kiswahili chake, "leo saa nane kamati yangu nakaa mara ya kwanza. Mimi nataka soma barua ya watu mwenyewe. Sasa barua hapana. Hapana barua, hapana rufaa. Mtu ya tiketi tatu, mimi futa laiseni yake."

"Hata kama aliandika, bwana?"

"Sheria nasema hivyo. Saa nane!"

Wacha nikueleze hiyo sheria, maana ilikuwa imekalia watu shingoni. Ukipaki gari mjini zaidi ya saa moja, tiketi. Hukubali? Una siku kumi na nne za kuandika rufaa. Rufaa ikikataliwa, tiketi inabaki jina lako. Zikifika tatu, laiseni imekwenda. Na kwa miaka miwili hakuna mtu yeyote Nakuru aliyewahi kusikia rufaa imekubaliwa. Watu walilalamika mpaka wakapanga kwenda kwa Bwana Mkubwa wa wilaya, ndio hii kamati ikaundwa.

Darweshi akaangalia saa. Masaa matano na nusu.

Mshukiwa alikuwa ameshashikwa. Sajini Kiprugut alikuwa mtu wa haraka, na saa moja asubuhi alikuwa amesimamisha lori la mbao likiingia mjini, akamleta dereva na lori lake mpaka uwanjani pale nyuma ya ofisi.

"Jina?"

"Kemboi. Dereva wa Elburgon."

"Jana jioni ulikuja hapa ukapiga kelele."

"Nilikuja. Nilipiga."

"Ulisema nini?"

Kemboi akaangalia viatu vyake. Alikuwa kijana mpana, mikono imekatwakatwa na mbao. "Nilisema siku moja upepo utabeba hizo karatasi zao zote ziende ziwani."

Kiprugut akakohoa kuficha kicheko.

"Na leo zimeenda," Darweshi akasema.

"Afande, barua zangu tatu ziko ndani ya hilo bunda. Tatu! Bila hizo, saa nane sina laiseni. Kama mimi ni mwizi, si ningeiba za wengine niache zangu?"

Darweshi alikuwa ameshafikiria hivyo hivyo tangu aone rafu.

"Hili lori si langu," Kemboi akaendelea, na sauti yake ikashuka. "Ni la tajiri. Nikikosa laiseni leo, kesho mtu mwingine analiendesha, mimi narudi msituni kubeba magogo. Nimebeba magogo miaka tisa. Mgongo wangu unajua. Hii laiseni ndiyo ilinishusha hilo gogo begani."

"Na hizo tiketi tatu? Ulikosa ama hukukosa?"

"Sikukosa hata moja. Nashusha mbao nusu saa, naondoka. Kila Ijumaa."

"Kila dereva anasema hivyo," sauti ikasema nyuma yao.

Ilikuwa ya Saad, askari wa chaki. Kazi yake ilikuwa kuzunguka mjini na chaki mfukoni. Mtu mwembamba, mpole, anajivunia kazi yake kama imamu anavyojivunia msikiti wake.

"Nieleze unafanyaje," Darweshi akamwambia.

"Raundi ya kwanza nachora mstari mmoja ubavuni kwa tairi la nyuma, upande wa kushoto. Baada ya saa moja narudi. Nikikuta gari lina mstari, tiketi. Likiwa halina, ni geni, nalichora."

"Na ukikuta mstari hukuchora wewe?"

Saad akacheka. "Afande, Nakuru hii nani mwingine anachora matairi ya watu?"

Darweshi akazunguka lori, polepole, mikono nyuma. Akainama kwa tairi la nyuma, kushoto. Akakaa hapo akichungulia mpaka Kiprugut akadhani ameangusha kitu.

"Saad. Leo umeanza raundi?"

"Bado, Afande. Mmefunga ofisi, hata chaki sijatoa stoo."

"Njoo uone."

Ubavuni mwa tairi kulikuwa na mstari mweupe, umenyooka, kama kiganja cha mkono kwa urefu.

Saad akautazama. Akagusa. Akaangalia kidole chake.

"Hii... hii ni nini?"

"Ndio hiyo!" Kemboi akaruka mbele, Kiprugut akamshika shati. "Ndio nimesema mpaka nimechoka! Hiyo ni ya Elburgon! Karani wa kiwanda cha mbao akishahesabu mzigo anachora tairi, ndio mlinzi wa geti afungue. Kila lori la mbao liko hivyo!"

Saad alikuwa amechuchumaa bado, kofia yake imeenda upande.

"Sasa mbona hukuniambia?" akauliza.

"Nilikuambia!"

"Ulinitukana, Kemboi."

"Nilikuambia kwanza. Ndio nikakutukana."

"Juzi dereva mwingine aliniambia gari lake lilijipaki peke yake likifuata kivuli. Nitamwamini nani?" Lakini Saad hakuwa anacheka. Alikuwa anahesabu kichwani magari yote ya mbao aliyoyaandikia tangu apewe chaki, na uso wake ulikuwa unazidi kuwa mdogo.

Darweshi akamgeukia Kemboi. "Hii habari ya chaki uliiandika kwa barua?"

"Mara tatu."

"Walikujibu?"

Kemboi akaingiza mkono kifuani akatoa karatasi tatu, zimekunjwa vizuri. Darweshi akafungua ya kwanza. Ya pili. Ya tatu. Zote zimepigwa taipu safi, bila kosa, na zote maneno ni yale yale:

*Rufaa yako imesomwa kwa makini. Imekataliwa. D., Karani.*

"Kwa makini," Darweshi akasema.

Akazirudisha, akavuka barabara kwenda kunywa chai.

Kwa kawaida Inspekta Darweshi akivuka barabara hivyo, Sajini Kiprugut alijua kuna kitu kimemkwama kichwani. Akamfuata.

Ng'ambo ya ofisi palikuwa na jiko la Mama Kuluthum wa Bondeni, aliyemjua Darweshi tangu akiwa anatambaa.

"Muhidin mwanangu, umekonda. Hiyo serikali haikupi chakula?"

"Inanipa kazi, mama. Nipe chai. Mbili. Mama, unakaa hapa kutwa. Jana jioni uliona nani akiingia pale ofisini?"

"Huyo kijana wa mbao, kelele mpaka sufuria zangu zinatetemeka. Akatoka. Halafu Saad akatoka. Dalmas akatoka wa mwisho kama kila siku, akafunga mlango mkubwa."

"Mikononi alikuwa na kitu?"

"Hana kitu. Mwavuli tu." Akamimina chai, halafu akakumbuka hasira yake. "Na wewe kwa vile ni polisi, hebu nisomee huu upuzi wao."

Akachomoa karatasi chini ya kopo la sukari. Darweshi akasoma. *Rufaa yako imesomwa kwa makini. Imekataliwa.*

"Mama, una gari?"

"Gari! Sina hata baiskeli! Niliandikisha barua kuwaambia kuna pikapu inapaki kila asubuhi karibu inipande juu ya jiko. Wamwambie mwenyewe asogee. Basi. Ndio wananiambia rufaa imekataliwa. Rufaa ya nini? Ya maandazi?"

Kiprugut akapaliwa na chai. Darweshi hakucheka. Alikuwa ameweka kikombe chini.

"Barua ulimpa nani?"

"Dalmas, kwa mkono wangu. Na jina liko juu ya bahasha, herufi kubwa. Ananiuliza, 'Taja jina, mama, na mahali jibu litakufikia.' Miaka sita ananywa chai yangu, ananiuliza jina! Nikataja, naye hapo hapo anapiga taipu, hata haangalii vidole." Akatikisa kichwa. "Amekuwa na maringo. Zamani akitoka ananipungia mkono kutoka kwa ngazi. Siku hizi mpaka nimwite mimi kwanza, ndio ageuke."

Darweshi akamaliza chai yake, taratibu, mpaka majani.

"Sajini, umeona koti la Dalmas leo?"

"Jeusi, Afande."

"Kiwiko cha kulia."

Kiprugut akafikiria. "Kina vumbi jeupe. Vumbi la ziwa."

"Vumbi la ziwa limetuingia sote kichwa mpaka miguu. Yeye liko kwa kiwiko kimoja tu, nene, kama amefuta ubao wa shule. Na huyo ni Dalmas. Tangu lini Dalmas anakaa na doa kwa koti bila kulipangusa?"

"Labda hajaliona, Afande."

"Ndio," Darweshi akasema. "Mimi pia nafikiri hajaliona."

Stoo ilikuwa chumba kidogo nyuma ya ofisi, haina dirisha. Maboksi ya chaki yalipangwa mpaka darini. Kiprugut alifungua manne. La tano, pale chini kabisa, lilikuwa na chaki kiganja kimoja juu, na chini yake bunda limefungwa kwa kamba ya mkonge.

Darweshi akaligeuza geuza mkononi. Bahasha kama sitini hivi. Akapitisha kidole gumba kwa midomo ya bahasha, moja baada ya nyingine. Hakuna hata moja iliyowahi kufunguliwa.

Ilikuwa saa sita kasoro. Dalmas alikuwa amekaa kwa meza yake, kikombe cha chai karibu na mkono, jua la dirishani linaangaza mezani kama taa. Darweshi akaingia na bunda kwapani. Kiprugut akabaki mlangoni. Inspekta akavuta kiti, akakaa, na akaliweka lile bunda mezani polepole, bila sauti, upana wa kidole kimoja kutoka kwa kikombe.

"Bwana Dalmas, niambie tena. Hilo bunda likoje?"

"Barua kama sitini, Afande. Zimefungwa na kamba ya mkonge."

"Mara ya mwisho kuliona?"

"Jana saa kumi na moja."

"Ukiliona sasa unaweza kulijua?"

"Mara moja! Hiyo kamba nimefunga mwenyewe, fundo langu najua." Dalmas akatikisa kichwa kwa masikitiko. "Afande, ningeliona popote ningekuwa wa kwanza kukuambia."

Mlangoni Kiprugut alikuwa amefungua mdomo. Akaangalia bunda. Akamwangalia Dalmas. Akaangalia bunda tena.

"Basi kunywa chai yako kwanza," Darweshi akasema kwa upole. "Inapoa."

Dalmas akanyoosha mkono vile alivyozoea, vidole vinatembea juu ya meza vikitafuta kikombe. Vikagonga kamba.

Vikasimama. Vikarudi nyuma kidogo, vikapanda juu, vikapata fundo, vikalizunguka mara moja.



"Liko hapa tangu lini?" Dalmas akauliza.

"Tangu nilipokaa."

Mzee akavua miwani yake, ambayo haikuwa inamsaidia kitu, akaiweka chini kwa uangalifu.

"Macho yalianza lini?" Darweshi akauliza.

"Miaka miwili na nusu. Kwanza herufi ndogo. Halafu kubwa. Sasa naona mwanga na vivuli. Wewe hapo ni kivuli, Afande. Nakujua kwa sauti."

"Mbona hukusema?"

"Niseme kwa nani? Karani haoni, ni karani wa nini? Nyumba ninayolala ni ya kazi. Nikisema asubuhi, jioni mimi na mke wangu Chepkurui tuko nje na vitanda. Na kibali cha kukaa mjini kimekwisha hapo hapo."

"Kwa hivyo ukawa unakataa zote."

"Kukataa ni maneno machache. Vidole vinayajua, havihitaji macho. Nikiambiwa jina kwa kaunta napiga jibu mara moja, nalituma baada ya wiki. Lakini kukubali, Afande, lazima useme kwa nini. Na kusema kwa nini, lazima usome. Nilijiambia wengi wao wana makosa kweli."

"Wengi."

"Ndio. Wengi." Sauti ilikuwa imekwisha kabisa. "Halafu wakasema kamati inataka barua zenyewe. Nikajua wataona bahasha hazijafunguliwa. Jana baada ya Saad kutoka, nikazipeleka stoo. Hapo kwa giza ni mimi bora kuliko nyinyi. Nilitaka kuzichoma leo jioni. Kisha nikasikia mmemshika Kemboi."

"Na bado ukanyamaza."

"Nikanyamaza," Dalmas akasema. "Hiyo ndiyo mbaya kuliko zote. Iandike hivyo hivyo."

Kiprugut akaandika.

Darweshi akafungua fundo, akatafuta bahasha zenye jina la Kemboi. Ya tatu ilikuwa na kitu kigumu ndani. Ilipogonga meza Dalmas akainua kichwa.

"Hiyo naijua. Ina kitu. Nilidhani amenitilia hongo, nikaiogopa sana."

Darweshi akaichana. Kikaanguka kipande cha chaki, kinene, cha pembe nne, ile ya kuandikia mbao. Akasoma kwa sauti:

"*Kwa Karani. Bwana, nimeandika mara mbili, labda sikueleza vizuri. Hiyo chaki kwa tairi langu si yenu, ni ya Elburgon. Nimekuwekea kipande hapa uone na macho yako. Tafadhali mtume mtu mmoja tu asimame barabarani asubuhi aangalie lori likiingia. Ni dakika moja. Mimi Kemboi.*"

Dalmas akanyoosha mkono. Darweshi akampa ile chaki. Mzee akaishika mkononi muda mrefu, akipapasa pembe zake nne.

Saa nane kamili kamati ilikaa. Saad alisimama wa kwanza, kofia mkononi, akasema bila kuulizwa kwamba mistari ya Elburgon aliidhania ni yake, na kuanzia kesho ataandika saa kwenye tairi pia. Bwana Filimbi alisikiliza yote, akageuza kile kipande cha chaki mara mbili, akauliza "nimekosea" ikisemwa na watu wengi inakuwaje, akaambiwa, akasema: "Tumekosea." Tiketi tatu za Kemboi zikafutwa. Zile barua zingine zote, akaamuru, zisomwe leo na zijibiwe leo.

"Nani napiga taipu?" akauliza.

Hakuna mtu mwingine pale ofisini aliyejua.

Kwa hivyo saa tisa mchana mambo yalikuwa hivi: karani Dalmas alikuwa chini ya ulinzi kwa kosa la kuficha nyaraka za ofisi, mahakama Jumatatu, na alikuwa amekaa mbele ya taipureta yake. Inspekta Darweshi alikuwa upande wa pili wa meza, anafungua bahasha na kusoma kwa sauti, neno kwa neno. Kemboi alikuwa amesimama mlangoni, amekataa kwenda kushusha mbao mpaka apate karatasi yake mkononi.

Vidole vya Dalmas vikaanza, haraka, vinakimbia vyenyewe. Ghafla vikasimama. Akachomoa karatasi, akaikunja, akaiweka kando.

"Nimekosea, Afande. Vimekimbilia ile ya zamani."

Akaweka karatasi mpya. Safari hii akapiga kidole kimoja kimoja, akipapasa kila herufi kabla ya kuigonga, kama mtu aliyeanza kazi leo. Neno *imekubaliwa* lilimchukua karibu dakika nzima.

Kemboi akaipokea. Akaisoma kimya, midomo inatembea. Akamwangalia yule mzee, na kila mtu mle ndani akangoja matusi, maana kila mtu alijua Kemboi anayaweza.

"Haina kosa hata moja, mzee," Kemboi akasema. Akaikunja, akaitia kifuani pamoja na zile tatu, akatoka. Wakasikia lori linawaka.

Darweshi akachukua bahasha iliyofuata, jina limeandikwa herufi kubwa juu.

"Hii ni ya Mama Kuluthum. Inahusu jiko."

Vidole vya Dalmas vikabaki hewani.

"Jiko?" akauliza. "Nilikataa jiko?"

"Ulikataa jiko."

Mzee akafumba macho, akavuta kiti karibu na meza.

"Soma yote, Afande," akasema. "Usiruke kitu."